Jani Likiwa Njano, Usikimbilie Busta: Ng'oa Mche Mmoja Kwanza

Leo sijaja na ratiba ya mbolea. Nimekuja na hoja, na najua wapo watakaonuna, hasa wenye maduka ya pembejeo na baadhi yetu maafisa ugani.

Hoja yenyewe ni hii. Vijana wengi wanaolima nyanya kwenye kitalu nyumba wanapoteza hela kwa kutibu njaa ambayo haipo. Au njaa ipo kweli, lakini chanzo chake hakiko kwenye mbolea. Unaona jani la njano, unanunua chupa, unapuliza, unasubiri, unanunua nyingine. Msimu unaisha hujui mmea uliumwa nini.

Kila wiki napokea picha kwenye simu. Jani moja la nyanya limeshikwa na vidole viwili, la njano, na chini yake maneno manne: "Bwana shamba, busta gani?" Hebu litazame hilo swali vizuri. Mtu hakuulizi mmea una nini. Ameshaamua ni upungufu wa virutubisho, ameshaamua dawa ni busta, anachotaka kwako ni jina la chupa tu. Ukimtajia jina mnamaliza ndani ya dakika moja na kila mtu anafurahi. Siku kumi baadaye inakuja picha nyingine, jani ni lile lile, na sasa njano imepanda ngazi mbili juu.

Kwanza tuongee hela

Kitalu nyumba cha mita 8 kwa 30 ni mita za mraba 240. Ukipanda mimea miwili hadi miwili na nusu kwa mita moja ya mraba, una mimea kati ya 480 na 600. Basi, ndo hiyo tu. Huna eka nyingine pembeni ya kufidia. Aliyelima nyanya eka tatu za wazi, mimea mia ikimfia anasikitika na maisha yanaendelea. Wewe mimea mia ikidumaa, umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya biashara yako yote.

Na hela yenyewe mara nyingi siyo yako. Wengine wamejengewa na wazazi, wengine wamechanga kwenye kikundi, wengine wamepata ile asilimia nne ya vijana kwenye mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Marejesho hayajali kama jani lilikuwa njano kwa sababu ya magnesiamu au kwa sababu ya minyoo. Tarehe ikifika imefika. Nyanya ndefu za ndani zinatakiwa zikulipe kwa miezi kadhaa, shada baada ya shada. Ukipoteza wiki tatu wakati mmea unabeba mashada ya kwanza, umepoteza ule mzunguko ambao ungekulipia mashada yanayofuata.

Kwa hiyo ninaposema tupime kabla ya kupuliza, naongea biashara. Siyo mambo ya kitaalamu ya kujionyesha.

Jani linasema kweli, ila halisemi yote

Sisemi usisome majani. Tena nataka kila kijana mwenye kitalu nyumba ajue kuyasoma kuliko anavyojua kusoma lebo ya busta. Na kanuni ya kwanza ni nyepesi: kabla ya kuangalia rangi, angalia tatizo limeanzia wapi. Majani ya chini, au majani machanga ya juu?

Virutubisho vingine mmea unaweza kuvihamisha. Vikipungua, mmea unavitoa kwenye majani makongwe na kuvipeleka kwa watoto juu, kama mama anavyojinyima chakula ili mtoto ale. Hivi ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Upungufu wake unaanzia chini.

- Naitrojeni: majani ya chini yanapauka jani zima, mpaka mishipa, na mmea unakuwa mwembamba.
- Magnesiamu: majani ya chini au ya katikati yana njano kati ya mishipa, mishipa yenyewe inabaki kijani. Kwenye nyanya inatokea sana pale mkulima anapobugiza potasiamu kwa tamaa ya matunda makubwa, kwa sababu potasiamu ikizidi inaizuia magnesiamu kuingia.
- Potasiamu: kingo za majani ya chini zinaungua kama zimepitiwa na moto, na matunda yanaiva mabaka mabaka.
- Fosforasi: mche unadumaa, na chini ya jani kunakuwa na rangi ya zambarau.

Virutubisho vingine vikishakaa kwenye jani havihami tena, au vinahama kidogo sana. Kalsiamu, chuma na boroni ndiyo mfano mzuri. Upungufu wake unaanzia juu, kwenye majani machanga na ncha. Chuma kikikosekana, jani changa linakuwa njano hadi karibu jeupe, na mishipa inabaki kijani kama ramani ya mito. Boroni ikikosekana, ncha inakufa na shina linakuwa kavu la kuvunjika. Kuwa mwangalifu na boroni, maana nafasi kati ya kidogo na sumu ni finyu sana.

Ukijua hayo tu, umeshawazidi wengi. Mtu akikuletea chupa ya chuma wakati njano yako iko kwenye majani ya chini, unamwambia asante, rudi nayo.

Lakini hapa ndo penye kiini cha hoja yangu. Jani linakuambia kirutubisho gani hakijafika. Halikuambii kwa nini hakijafika. Kuna tofauti kati ya chakula kukosekana jikoni na mgonjwa kushindwa kumeza. Ukimnunulia gunia la mchele mtu mwenye koo lililofunga, umepoteza mchele.

Na zile picha za upungufu tunazotumiana kwenye simu zina tabia moja ya kuikumbuka. Mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California walitoa mwongozo wa kuotesha mimea kwenye maji yaliyochanganywa virutubisho. Kwa njia ya namna hiyo unaweza kuondoa kirutubisho kimoja tu, ukaacha vingine vyote sawa, ukaona jani linavyobadilika. Ndiyo maana picha nyingi za mafunzo zinapendeza na zinaeleweka. Kitalu chako hakiko hivyo. Kwako joto limezidi, mpira mmoja wa dripu umeziba, samadi haikuiva, na inzi weupe wamo. Jani lako linabeba mambo manne kwa wakati mmoja, halafu tunataka picha moja ijibu yote.

Vinavyovaa nguo za njaa

Nitaje wale ambao kila msimu wanapelekewa busta wakati siyo wagonjwa wa njaa kabisa.

Wa kwanza ni minyoo fundo. Hawa wanakaa kwenye mizizi. Juu unaona mmea umepauka, umedumaa, unasinyaa mchana na kuinuka jioni. Ukituma picha ya jani, hata profesa atasema naitrojeni. Ng'oa mche, osha mizizi kwenye ndoo, utakuta vifundo kama shanga. Nyanya siyo maharage, vifundo kwenye mzizi wa nyanya siyo baraka. Na kwenye kitalu nyumba ambako unapanda nyanya juu ya nyanya, msimu hadi msimu bila kubadili zao, umewajengea minyoo nyumba ya kudumu.

Wa pili ni maji mengi. Kijana amefunga dripu, anafungulia asubuhi, anaenda zake mjini, anafunga jioni. Udongo umejaa maji, mizizi haipati hewa, inaoza na kuwa ya kahawia, inateleza ukiivuta. Mzizi uliooza hauchukui chuma hata kama udongo umejaa chuma. Majani ya juu yanageuka njano, na mkulima anaongeza busta, halafu anaongeza na maji.

Wa tatu ni ile wakulima wanaiita rasta. Majani madogo, yamejikunja kwenda juu, kingo njano, mmea umesimama kama umegoma. Hicho ni kirusi kinacholetwa na inzi weupe. Hakuna busta duniani inayokiondoa. Mmea unang'olewa mapema, unatolewa nje ya kitalu, unazuia inzi. Kila siku unayoubembeleza kwa mbolea, unawalisha inzi watakaoupeleka kwa jirani zake.

Wa nne ni dawa ya magugu. Bomba la mgongoni lililotumika kwenye mahindi kupuliza 2,4-D limesuuzwa kwa maji mara moja, halafu limeingia kitaluni na busta. Nyanya haina uvumilivu na dawa hiyo, hata masalia kidogo yanatosha. Majani yanakuwa membamba, yamejisokota. Mkulima anasema boroni imepungua. Ananunua boroni, na anaipuliza kwa bomba lile lile!

Wa tano ni baridi. Sehemu za nyanda za juu, mwezi wa sita na wa saba, miche inakuwa na zambarau chini ya jani. Ni kweli fosforasi haiingii vizuri, lakini ni kwa sababu udongo ni wa baridi na mizizi imelala. Ukiongeza DAP, unaongeza chumvi tu kwa mzizi uliolala. Joto likirudi, jani jipya linatoka zuri lenyewe, na muuza busta anachukua sifa.

Maji yako yanakula chuma chako

Kuna jambo moja linaumiza wakulima wa vitalu nyumba kuliko wanavyojua, nalo ni maji yenyewe. Chukua mfano wa maeneo yanayozunguka Mlima Meru. Maji ya visima na chemchemi nyingi za huko yana sodiamu na bikaboneti nyingi, pamoja na ile fluoridi inayofahamika kwa kubadili rangi ya meno. Ukimwagilia maji yenye bikaboneti nyingi miezi mitano mfululizo ndani ya kitalu ambacho mvua haiingii kusafisha, pH inapanda taratibu. Nyanya inapenda udongo wa pH kama 6.0 hadi 6.8. Ikipita 7.5 chuma kipo, lakini kimefungwa kwenye udongo, mzizi hauwezi kukichukua. Hali hiyo inaigusa pia zinki na manganizi.

Sasa unapouziwa chuma, uliza ni chuma cha aina gani. Kwenye paketi utaona herufi. EDTA inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye uchachu kidogo, ikifika kama 6.5 inaanza kuachia. DTPA inakwenda hadi karibu 7. Kwenye udongo wa pH ya juu zaidi ni EDDHA ndiyo inayostahimili, na bei yake ni kubwa. Kijana wa udongo wa pH 8 anayeuziwa EDTA ya kuweka kwenye dripu ananunua rangi ya maji. Muuzaji hajamdanganya, kamuuzia chuma kweli. Ila hakuna aliyeuliza pH.

Na hapo hapo juu ya kitalu chako una jibu moja la bure. Paa la mita za mraba 240 likinyeshewa milimita 20, ni lita 4,800 kabla ya kutoa zinazopotea. Mvua haina bikaboneti ya kukusumbua. Mifereji na tangi ni gharama, nakubali, lakini ni gharama ya mara moja. Chupa za busta unazinunua kila msimu.

Ndani ya kitalu chumvi nayo inajikusanya, kwa sababu tunaweka mbolea kila wiki na hakuna mvua ya kuiosha. Nyanya huanza kupunguza mavuno EC ya udongo inapopita kama 2.5 kwa kipimo cha maabara, na kila namba moja inayoongezeka hapo inakata takribani asilimia 10 ya mavuno. Mmea wenye chumvi nyingi miguuni unakuwa na kiu huku umesimama kwenye maji. Kingo za majani zinaungua, unasema potasiamu imepungua, unaongeza potasiamu. Nayo ni chumvi.

Wale mnaopanda kwenye mifuko ya vumbi la nazi, ninyi mna la ziada. Vumbi ambalo halikuoshwa vizuri linakuja na potasiamu na sodiamu nyingi, na linashikilia kalsiamu na magnesiamu unazoweka mwanzoni. Lioshe, uliloweke kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, ulisuuze tena kabla ya kupanda. Usisubiri jani likuambie.

Mfano wa kitako cheusi

Kama kuna tatizo moja linaloonyesha hoja yangu vizuri, ni kuoza kwa kitako cha nyanya. Tunda linakuwa na doa jeusi, kavu, limebonyea chini. Kila mtu anajua jibu: kalsiamu imepungua. Na ni kweli kabisa, kwenye tunda kalsiamu imepungua.

Lakini nenda pima udongo, mara nyingi utakuta kalsiamu imejaa. Kalsiamu inasafiri na maji kutoka kwenye mzizi kwenda kule maji yanakotoka kwa wingi, yaani kwenye majani. Tunda halitoi jasho kama jani, kwa hiyo linapata makombo. Ukimwagilia leo sana, kesho husahau, keshokutwa unafidia, tunda linakosa hata hayo makombo. Ukizidisha mbolea za amonia, au chumvi ikiwa nyingi, mambo yanakuwa mabaya zaidi.

Ukipuliza kalsiamu kwenye majani, inabaki kwenye majani, maana nimesema haihami. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kitako cheusi ni saa ya maji: kidogo kidogo, kila siku, muda ule ule, mara mbili au tatu siku ya jua kali. Ng'oa matunda yaliyoharibika, hayaponi. Hiyo tiba haiuzwi dukani, ndiyo maana hakuna anayekutangazia.

Utaratibu ninaoutetea

Kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya haya kwa mpangilio huu. Nusu siku inatosha kwa hatua tano za kwanza.

1. Simama mlangoni uangalie kitalu kizima. Tatizo liko mstari mmoja, kona moja, au kila mahali? Njaa ya kweli mara nyingi inasambaa sawasawa. Likiwa mwisho wa mistari, fikiria dripu. Likiwa viraka viraka, fikiria mizizi au ugonjwa.

2. Weka vikombe chini ya dripu, mwanzo, katikati na mwisho wa mstari. Fungulia dakika kumi, linganisha. Kikombe cha mwisho kikiwa na nusu ya cha kwanza, umeshapata mgonjwa wako. Wengi wanaziba mipira wenyewe kwa kuchanganya kalsiamu naitreti na magnesiamu salfeti, au na mbolea yenye fosfeti, kwenye pipa moja zito. Vinagandana, vinakuwa unga mweupe. Tumia mapipa mawili, au siku tofauti.

3. Ng'oa mche mmoja mgonjwa na mmoja mzima. Ndiyo, utauma. Una 500, toa miwili. Osha mizizi, iweke pamoja. Mzizi mzima ni mweupe au wa maziwa. Angalia vifundo, angalia kuoza. Kama mmea unanyauka ungali kijani, kata kipande cha shina ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Vikishuka vijiuzi vyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria.

4. Pima pH na EC ya maji na ya udongo. Vipima vya mkononi vipo, na kikundi cha watu kumi kinaweza kuchangia kimoja. Kisahihishe kwa maji yake maalumu, la sivyo kitakudanganya.

5. Sasa ndo usome majani, chini au juu, kama nilivyoeleza.

6. Jaribu kwenye mimea kumi. Ukishuku magnesiamu, puliza chumvi ya Epsom gramu 10 hadi 20 kwa lita, jioni, kwenye mimea kumi tu iliyofungwa kitambaa. Mingine iache. Subiri siku saba hadi kumi, uangalie kama njano imeacha kupanda na majani mapya yanatoka safi. Jani lililoharibika usilitegemee, halirudi kama zamani.

Hatua ya sita ndiyo naithamini kuliko zote. Ukipuliza kitalu kizima, mmea ukipona hutajua kama ni busta, ni mvua, ni joto, au ni kwa sababu siku hiyo ulizibua dripu. Ukiwa na mimea kumi yenye kitambaa na kumi isiyo nacho, hakuna atakayekudanganya tena, hata mimi.

Najua utakachosema

Utasema, bwana shamba, busta ilinisaidia msimu uliopita. Inawezekana kabisa. Busta nyingi zina naitrojeni ndani, na jani likipata naitrojeni linakoza kijani ndani ya wiki hata kama mzizi unaoza. Umepaka rangi ukuta wenye ufa. Na kama kweli ulikuwa na upungufu wa zinki au magnesiamu, basi ilikusaidia haki. Sipingi busta. Napinga kuinunua kabla ya kujua.

Utasema, kupima udongo ni mbali na kunachelewa. Hapo nakubaliana na wewe kuliko unavyofikiri. Maabara ya udongo ipo Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, ipo TARI Mlingano kule Muheza. Kwa kijana wa wilaya nyingine, kufikisha sampuli na kusubiri majibu wakati nyanya iko kwenye maua ni mtihani. Ndiyo maana nasema pima kabla ya kupanda, wakati huna haraka, uliweke hilo kwenye bajeti ya ujenzi kama unavyoweka nailoni. Mtu anajenga kitalu cha mamilioni, halafu kipimo cha udongo anaona ni anasa. Na maji nayo yapimwe. Udongo unaweza kuubadilisha kwa samadi na mboji, kisima huwezi.

Utasema, duka liko karibu na bwana shamba haonekani. Ni kweli, na hilo siwezi kukuficha. Afisa ugani mmoja ana kata nzima, vijiji kadhaa, na pikipiki ambayo mafuta yake yana mwezi wake. Muuza duka yupo pale kuanzia saa moja asubuhi, anakujua kwa jina, na wengine wanakukopesha. Wapo wauzaji waliosomea kazi hii na wanatoa ushauri mzuri. Lakini wewe mfanyabiashara fikiria mwenyewe: anayeishi kwa kuuza chupa, kila ugonjwa wako utaishia kwenye chupa. Siyo ubaya wa moyo, ndiyo biashara yake. Yako ni nyanya.

Kwa maafisa ugani wenzangu

Hili linatuhusu. Tuache kutibu kwa picha moja. Mkulima akituma jani, turudishe maswali: limeanzia chini au juu, mimea mingapi, mizizi ikoje, maji mara ngapi, pH ngapi, bomba lilitumika wapi mara ya mwisho. Atatuona tunamsumbua. Wengine watasema huyu hajui, fulani alinijibu hapo hapo. Tuvumilie. Daktari anayeandika dawa kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti haheshimiki, hata kama ana haraka kiasi gani.

Na ninyi vijana mkitaka tuwasaidie, msitume jani. Tumeni picha nne: kitalu kizima kutoka mlangoni, mmea mzima kutoka chini hadi ncha, jani la chini na la juu yakiwa pamoja, na mizizi iliyooshwa. Andikeni na pH. Hapo hata aliye mbali anaweza kukupa jibu lenye maana.

Wiki hii, kabla hujaenda dukani, ingia kitaluni na ndoo ya maji. Chagua mche mmoja unaokutia wasiwasi, ung'oe, uoshe mizizi yake, uitazame. Hautakurudishia tunda. Lakini huenda ukakuokolea mimea 499 iliyobaki, na hela ya marejesho ikabaki mfukoni mwako mpaka tarehe yake.